Miaka Minane Nikihangaika na 'of'

Nina miaka ishirini na tisa na nimestaafu. Mama yangu hapendi nilitumie neno hilo. Anasema mstaafu ni mtu mwenye mvi na saa ya ukutani aliyopewa na wenzake. Saa sikupewa. Nilipewa keki, na juu yake nyinyi wawili mliobaki kwenye duka letu la uchapaji mlikuwa mmeandikisha jina langu, na mimi, badala ya kushukuru, niliangalia kwanza kama herufi ziko sawa. Zilikuwa sawa. Mliniona nikiangalia, mkacheka, na ndiyo maana nimeona niwaandikie, ili mjue mtu wa namna hii alitengenezwaje.

Sikuondoka kwa ugomvi. Niliondoka kwa sababu siku hizi mteja anaingia dukani na barua yake tayari kwenye simu, imeandikwa na kitu kisichotetemeka, kila neno mahali pake, na kazi yetu ni kuuliza anataka nakala ngapi. Kwa miaka minane nilijifunza, kwa kuumwa na tumbo, mambo ambayo simu ya kila mtu sasa inayajua bila tumbo. Sasa niko kwetu, kwenye kitalu cha miche ya makadamia. Miche haina sarufi. Bado naihesabu mara mbili.

Habari za mshahara, na za jinsi nilivyohamishwa kutoka meza ya mlangoni hadi meza ya dirishani, nitaziruka. Meza zenyewe mnazijua.

Siku ya kwanza nilifika saa moja kasoro, duka likiwa bado limefungwa, nikasimama pale kwenye kichochoro nyuma ya soko la Embu nikiwa nimeshika bahasha ya vyeti kama mtu aliyeshika yai. Bi Zainabu alikuja saa mbili na nusu. Nyinyi mmemkuta akiwa mtu wa kukaa nyuma na kuagiza chai. Wakati ule alikuwa bado anakimbia. Watu wake ni Waislamu wa Maua, wenye malori, lakini yeye ujana wake wote aliupitisha kwenye mashine za taipu za mawakili, na duka lile alilifungua kwa vidole vyake mwenyewe.

"Kiingereza unakijua?" aliniuliza kabla sijaketi.

"Ninajifunza."

"Shuleni ulipata nini?"

"D."

"D ya kuongeza au ya kupunguza?"

"Ya kupunguza."

Alicheka bila ubaya. "Basi hutanidanganya. Wale wa B wananidanganya kila siku."

Ni kweli nilikuwa najifunza, na nilikuwa najifundisha mwenyewe. Bucha ya kwetu Kianjokoma ilifunga nyama kwa magazeti ya zamani, na mimi nilikuwa nikikausha zile kurasa na kuzisoma. Kwa sababu ambazo sizijui, kurasa zilizofunga nyama zilikuwa mara nyingi zile za matangazo ya vifo. Kiingereza changu cha kwanza kwa hiyo kilikuwa cha marehemu. Niliweza kueleza nani alikuwa mume wa nani na baba wa nani, lakini nisingeweza kuomba maji ya kunywa.

Ungedhani basi kwamba kazi ya kwanza niliyopewa ingenifaa. Ilikuwa programu ya mazishi. Bi Zainabu alinisomea kwa Kiswahili, "kwa kumbukumbu ya marehemu," akaniambia niandike kwa Kiingereza. Nilikuwa nimeliona tangazo hilo mara mia, likiwa na damu ya mbuzi pembeni, na bado nikaandika 'for'.

Alisimama nyuma yangu. "Mwanangu, marehemu hapewi kumbukumbu kama zawadi ya harusi. Kumbukumbu ni yake. Weka 'of'."

Nikaweka. Siku ile sikula chakula cha mchana. Nilinunua daftari la kurasa mia mbili na kuandika neno hilo moja kwenye ukurasa wa kwanza, nikaapa kulijua mpaka lichoke nami.

Nitakiri hapa jambo ambalo sikuwahi kuwaambia. Daftari lile halikuwa la kazi, lilikuwa la hofu. Wenzangu walikuwa wakienda kuota jua mchana, mimi nilikuwa nikiwinda 'of' kwenye barua za wateja, kwenye makopo ya rangi, kwenye karatasi za dawa, kwenye kamusi ya Bi Zainabu isiyo na jalada ambayo iliishia herufi T. Nilishukuru kwamba O iko kabla ya T. Sijui ningefanyaje na 'with'.

Fikirieni jambo lenyewe. Kiswahili kinakupa wa, ya, la, cha, vya, za, kila kundi la majina na lake, na sisi watu wa mlimani tunavichanganya tangu tuzaliwe. Tunasema "kitabu yangu" na "watoto ya shule", na hakuna anayelazwa hospitali. Mwingereza yeye ana kimoja tu. Nilidhani kimoja ni rahisi kuliko sita. Kumbe amekibebesha mizigo yote ya vile sita, na mingine ya kwake. Kikombe 'of' chai, chai haimiliki kikombe, imo ndani tu. Mji 'of' Embu, mji wenyewe ndio Embu, hakuna mwingine nyuma yake. Mtu akifa 'of' malaria, malaria ndiyo iliyomuua. Kipande 'of' mkate kimetoka kwenye mkate, na meza 'of' mbao ilikuwa mti. Mwana 'of' fulani ametoka kwa fulani na ni wa fulani, yote kwa pamoja.

Ukurasa niliojaza haraka kuliko yote ni ule wa maneno ya moyoni: 'afraid of', 'ashamed of', 'tired of', 'sure of'. Hilo la mwisho sikuwahi kulitumia kwa nafsi yangu.

Wateja nao hawakunisaidia. Kwa mtu wa kwetu, barua ya Kiingereza isiyo na 'of' nyingi haijaiva. Kulikuwa na mzee mmoja, katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa, aliyetaka vyeti vya kuwapa wanachama. Nilimwandikia kimoja, kifupi na kizuri. Alikisoma, akakigeuza nyuma kama anayetafuta sehemu iliyobaki.

"Hii ni nyepesi," alisema.

"Ni sahihi, mzee."

"Sahihi ndiyo. Lakini ni nyepesi. Weka ile maneno inaunganisha. 'Of'. Weka kama nne."

"Nne ni nyingi."

"Binti, wewe unalipa wino?"

Nikaweka nne. Cheti kikawa cha shukrani ya kushiriki kwa mwanachama wa kikundi cha wakulima, Kianjokoma, na mzee akaondoka akiwa ameridhika kabisa. Mimi sikuridhika kwa wiki mbili. Bi Zainabu aliponiona nimenuna alisema tu, "Cheti ni chake. Atakitundika kwake."

Yeye alikuwa na sheria mbili, na ningependa mzishike hata kama sasa kila kitu kinatoka kwenye simu. Ya kwanza: rasimu ya mteja haitupwi. Hata ikiwa imeandikwa kwenye karatasi ya sukari, inaingia kwenye faili la kijani. Ya pili alikuwa akiisema kwa maneno manne: kidole kwanza, printa baadaye. Mteja anawekewa nakala moja ya majaribio mezani, anaweka kidole kwenye kila jina, analisoma kwa sauti. Siyo wewe unayesoma, ni yeye. "Wewe utasoma Kiingereza," alisema. "Yeye atasoma watu wake."

Nilizishika sheria hizo miaka mitano. Halafu nikawa hodari, na ndipo mambo yalipoharibika.

Ilikuwa msimu wa ukungu, mwaka wangu wa sita. Mwanamume wa miaka arobaini hivi, anayeuza matairi, aliingia dukani Jumatatu na karatasi tatu za daftari. Aliitwa Njeru. Baba yake, Mzee Nyaga wa Kianjokoma, alikuwa amefariki.

"Sister, nataka hii kitu ikae smart," alisema. "Mzee alikuwa mtu wa watu. Ile karatasi ya kung'aa. Picha ya rangi. Mia tatu."

"Mnazika lini?"

"Ijumaa. Nakuja kuchukua Alhamisi mchana."

Rasimu ilikuwa imeandikwa na mikono zaidi ya mmoja, Kiingereza kidogo, Kiswahili kidogo, Kiembu palipokosekana vyote. Chini kabisa kulikuwa na sahihi tatu za wazee. Niliziona. Nikafikiria jinsi ambavyo hakuna mtu anayeweka sahihi kwenye rasimu ya programu ya mazishi, na badala ya kuuliza kwa nini, nikafikiria jinsi zilivyochafua ukingo wa karatasi.

Mnajua jinsi programu zetu zilivyo. Marehemu anaelezwa kwa 'of' tupu: mwana wa marehemu fulani, mume wa fulani, baba wa hawa, babu wa wale. Ukiondoa neno hilo, mtu anabaki jina na tarehe mbili. Nilikuwa mwenyeji kwenye ukurasa ule kuliko mahali popote duniani. Nilinyoosha kila kitu. Nikafika kwenye mstari wa baba wa nani, na rasimu ikasema: Wambeti, Njeru, Mukami na Wambeti.

Nilitabasamu. Nakiri. Nikamwona mtu aliyechoka na msiba, anaandika watoto, anafika mwisho na kwa uchovu anarudia yule wa kwanza. Nikamsaidia. Nikaondoa Wambeti wa mwisho, nikasogeza 'and' katikati ya Njeru na Mukami, mstari ukakaa katikati ya ukurasa kama ulizaliwa pale.

Bi Zainabu alikuwa Maua, kwenye harusi ya mpwa wake. Njeru alikuwa Kianjokoma, anashughulikia hema. Kidole hakikuwapo. Nilimtumia picha ya ukurasa kwenye simu, na kabla sijaweka simu chini akajibu: "Iko sawa kabisa. Chapa." Nililichukua lile neno 'kabisa' kama sifa. Niliusoma ukurasa ule mara kumi na moja, mara mbili kuanzia mwisho kwenda mwanzo, sikupata kosa hata moja, nikachapa mia tatu.

Alhamisi saa tatu asubuhi mwanamke aliingia dukani. Alikuwa na umri kama wangu, viatu vyake vina vumbi jekundu lisilo la huku juu, na begani mfuko wa ndengu, choroko za nchi ya joto. Alisimama karibu na mlango.

"Hapa ndio wanatengeneza karatasi ya mazishi ya Mzee Nyaga?"

"Ndiyo. Umetumwa kuchukua?"

"Hapana. Naomba tu kuona. Sichukui."

Nilimpa moja, nikiwa na furaha ya mtu anayeonyesha mtoto wake. Hakutazama picha. Alifungua ndani, akaweka kidole, bila kuambiwa na mtu, na kukipitisha taratibu kwenye mistari mpaka kikasimama.

"Huyu Wambeti," alisema, "ni mimi ama ni ule mwingine?"

"Mwingine yupi?"

"Tuko wawili. Mimi ni wa Kiambere. Mzee alikuwa anafanya kazi huko kitambo, akaoa mama yangu. Yeye ni wa kwanza kwa mama yake, mimi ni wa kwanza kwa mama yangu. Cucu yetu, mama ya mzee, ni mmoja."

Ningependa kuandika kwamba sikujua. Mgeni asingejua. Lakini mimi naitwa Igoki kwa sababu bibi yangu mzaa baba aliitwa Igoki, na binamu zangu wanne wanaitwa Igoki kwa sababu hiyo hiyo, na kwenye kila sherehe ya nyumbani mtu akiita jina hilo tunageuka watano. Binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Baba akiwa na nyumba mbili, mabinti wa kwanza wanakuwa wawili na jina linabaki moja. Hapa Embu jambo hilo halifundishwi, kama vile mtu hafundishwi kwamba mvua inalowesha. Nililijua maisha yangu yote isipokuwa zile dakika nilipokuwa na kosa la kurekebisha.

Nikafanya jambo ambalo bado linanipandisha joto usoni. Nikasema, "Labda ni kompyuta."

Alifikiria hilo kwa heshima. "Kompyuta ilijuaje kutoa mimi?"

Akaendelea kwa sauti ile ile ndogo, kama anayeeleza njia. Mama yake alikufa zamani. Mzee alipofariki alienda Kianjokoma, na ukoo ukakaa kutwa nzima kumjadili huku yeye amekaa nje kwenye gogo. Jioni wakamwita. "Wakaniambia, kuongea hutaongea. Kwa hema ya familia hutakaa, utakaa na majirani. Lakini jina utapata. Wazee watatu wakaweka sahihi, ndio mtu asigeuke. Mimi nikasema ni sawa. Jina inatosha. Ikiwa kwa karatasi, hata mtoto wangu siku moja ataona niko wa nani."

Pazia la nyuma lilisogea. Bi Zainabu alikuwa amerudi asubuhi ile na alikuwa amesikia yote. Hakusema na mimi. Alifungua faili la kijani, akatoa rasimu, akaiweka mezani karibu na programu yangu ya kung'aa, akaweka kidole chake mwenyewe.

"Nani alimtoa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilidhani amerudiwa."

"Ulidhani, au uliuliza?"

Nilianza kulia na kupendekeza kwa wakati mmoja. Tuchape upya. Karatasi ya kung'aa imekwisha, mpya inaletwa Jumamosi. Basi tuchape ukurasa wa ndani kwenye karatasi ya kawaida. Tubandike. Tukate. Bi Zainabu aliningoja nimalize, kisha akafungua droo na kutoa kalamu tatu nyeusi.

"Tulipewa wawili," alisema. "Tutatoa wawili. Andikeni."

"Kwa mkono? Itaonekana vibaya."

"Itaonekana."

"Na 'and' zitakuwa mbili. Njeru 'and' Mukami 'and' Wambeti. Haikubaliki."

"Igoki," alisema, na hakuwa amewahi kuniita kwa jina tangu siku ya kwanza, "ziwe mbili."

Tukakaa watatu. Mimi nilianza kwa rula na herufi za kuchapisha, dakika moja kwa kila nakala, mpaka Bi Zainabu akauliza kama tunaandikia mazishi haya au ya wajukuu. Wambeti alikuwa ameshika kalamu bila kuitumia.

"Mwandiko wangu si mzuri," alisema.

"Jina ni lako," Bi Zainabu alimjibu. "Nani atakusahihisha?"

Akaandika la kwanza, likapanda juu kidogo kuelekea mwisho. Akalitazama. Akaandika la pili. Baadaye aliniambia niandike tu ile 'and', jina nimwachie yeye. Tukaendelea hivyo, mimi neno langu, yeye lake, na nilijizuia kutazama jinsi yalivyopanda.

Njeru alifika saa saba tukiwa tumepita nakala mia mbili. Alichukua moja, akaifungua.

"Nani amechafua hii?"

"Ni mimi nilikosea," nilisema. "Rasimu yenu ilikuwa na wawili. Nilimtoa mmoja."

"Na mimi nikakwambia iko sawa."

"Uliona hayupo?"

"Niliona." Hakuona haya hata kidogo. "Wazee walinishika shingo. Mimi nikaandika. Halafu wewe mwenyewe, bila kuulizwa, unanitumia hiyo kitu imesafishwa. Nikasema kweli Mungu halali. Sasa unarudisha uchafu ya nini?"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kazi yangu bora kuliko zote, ile niliyoisoma mara kumi na moja, ilikuwa jibu la maombi ya mtu huyu.

Wambeti hakuinua kichwa. Aliandika jina lake tena.

"Watu watauliza huyu ni nani," Njeru alimwambia.

"Wakiuliza, waambie cucu alikuwa mmoja."

Bi Zainabu alimsogezea kiti. "Kaa, baba. Zimebaki chache. Kama huzitaka hivi, mimi mwenyewe nitapanda Kianjokoma na hii rasimu, nimwulize yule mzee wa sahihi ya kwanza ni kazi gani aliagiza."

Njeru alikaa. Alikunywa hata chai. Tulipomaliza alibeba maboksi yake, na mlangoni akageuka akasema, kwa upole kabisa, "Karatasi ni karatasi. Anayesoma ni emsii. Na emsii ni rafiki yangu."

Wambeti alikuwa akifunga mfuko wake wa ndengu. Mikono ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Bi Zainabu alinipa ruhusa ya Ijumaa bila kuombwa. "Nenda ukaone mwisho wa kazi yako," alisema. Sikuwa nimewahi kuhudhuria mazishi ya mteja. Huwa naogopa nitasikia kosa likisomwa kwa kipaza sauti.

Kulikuwa na manyunyu. Mahema mawili yalikuwa yamesimamishwa kando ya majani chai, uwanja wa matope katikati: moja la familia, lenye viti vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa, lingine la majirani, lenye mabenchi. Wambeti wa Kiambere alikuwa kwenye benchi la mwisho, na mimi nikakaa karibu naye. Programu aliishika imefungwa. Njeru alikuwa mbele. Kando yake alikaa mwanamke mnene wa miaka arobaini na ushee, kitambaa cheusi kichwani, na nilipouliza jirani yangu akaniambia huyo ndiye binti mkubwa, Wambeti.

Emsii, mwendesha shughuli, alikuwa kijana mwenye suti na sauti nzuri. Alisoma mwana wa nani. Alisoma mume wa nani. Akafika kwenye watoto, akasoma Wambeti, Njeru na Mukami, akaisogeza karatasi karibu na macho. Kisha akainua kichwa na kumtazama Njeru, akatabasamu.

"Hapa kuna kosa ndogo ya wachapishaji," alisema. "Wamerudia jina. Tutawasamehe."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Akafungua ukurasa uliofuata.

Ningesimama. Nilikuwa na maneno yote ya kusema. Nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri na kuyasahihisha. Sikusimama. Kando yangu Wambeti alikuwa amekunja programu yake mara mbili na alikuwa akiikunja mara ya tatu.

"Emsii."

Sauti haikutoka kwenye kipaza sauti. Ilitoka kwenye hema la familia, kwa Kiembu, ya mtu ambaye hana haraka. Binti mkubwa alikuwa hajasimama. Alikuwa amefungua programu yake magotini na ameweka kidole.

"Rudi nyuma usome yote," alisema. "Hakuna aliyekosea. Tuko wawili."

Emsii akamtazama Njeru. Njeru akatazama viatu vyake. Manyunyu yalikuwa yakipiga hema. Kisha emsii akarudi nyuma, akasoma upya kutoka mwanzo, Wambeti, Njeru na Mukami na Wambeti, 'and' zote mbili.

Binti mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua mkoba wake uliokuwa kwenye kiti cha kando yake, akaupakata, kiti kikabaki wazi, akageuka kuelekea hema la majirani, akangoja. Wambeti wa Kiambere alichukua muda kufika, kwa sababu uwanja ulikuwa unateleza na hakuwa amevaa viatu vya huku.